Nikiamka, Nitakapoamka

Jumatatu, 3 Machi

Dakika mia moja na kumi na mbili. Nimepima kwa saa yangu ya mkononi, ile ya zawadi ya kustaafu. Mjukuu wangu alipanda kitandani saa mbili na nusu, akapata usingizi saa nne na dakika ishirini na mbili. Mtoto wa miaka tisa! Na wala hakuwa anacheza. Alikuwa anafanya kazi.

Ukuta wa chumba chake na changu ni mmoja, tena mwembamba. Mimi silali chali siku hizi. Moyo umechoka, maji yanapanda kifuani, na daktari ameniamuru nilale nimeegemea mito mitatu, kama mfalme aliyepinduliwa. Basi nakaa, nasikiliza. Kwanza swichi ya taa: washa, zima, washa, zima. Kisha mto unapigwapigwa. Kisha miguu. Anatoka chumbani kwake kuja mlangoni kwangu. Vigae sita tu vya ukumbi. Akifika cha nne, husimama. Anarudi. Anaanza upya.

Kwa nini cha nne? Natamani sana kujua.

Binti yangu, mama yake, anasema tumpuuze, atachoka mwenyewe. Hachoki. Tunaochoka ni sisi, pamoja na mwalimu wake, aliyeandika kwenye daftari kwamba Karani amesinzia tena kwenye somo la hesabu. Hajaandika "Karani", bila shaka. Hilo ni jina nililompa mimi alipokuwa na miaka minne, kwa jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni kuorodhesha viatu vya wageni.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi tukinywa chai nimemuuliza. Sikumuuliza kwa nini halali — swali hilo kila mtu ameshalitumia hadi limechakaa. Nimemuuliza, "Kigae cha nne kina nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyekamatwa. Halafu, nadhani, kama mtu aliyeokolewa.

"Kina ufa, Babu."

"Ufa nimeuona. Una nini?"

"Nikiukanyaga huku nafikiria jambo baya, jambo linabaki."

"Linabaki wapi?"

"Humu ndani. Kwenye nyumba."

Nikamwambia hilo ni jibu zuri, nimelielewa. Mama yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba, usimtie moyo!"

Jambo lenyewe baya ni lipi, hataki kusema. Anasema akilitamka ndipo litakuwa kweli. Akamaliza chai yake, akageuza mkono wa kikombe uelekee dirishani, akaugeuza tena, mara ya tatu akaridhika. Macho yake yana weusi chini kama ya mlinzi wa ghala.

Ijumaa, 7 Machi

Jana usiku nimefanya kosa la herufi mbili.

Niuandike utaratibu wote, maana kesho nitakuwa nimeusahau. Akishavuka vigae, Karani husimama mlangoni kwangu na kusema, "Lala salama, Babu." Namjibu, "Na wewe ulale salama." Anauliza, "Kesho utafanya nini?" Hapo natakiwa kujibu: "Nitakapoamka nitakunywa chai na wewe." Maneno matano, bila kukohoa katikati. Nikikohoa, tunaanza upya. Mimi! Mtu mwenye maji kifuani!

Jana nilikuwa hoi. Nikasema, "Nikiamka nitakunywa chai na wewe."

Akashika fremu ya mlango. "Umesema ki."

"Nimesema nini?"

"Umesema ki, Babu! Nikiamka! Yaani labda huamki!"

Alilia hadi akatapika. Tulirudia mara kumi na moja, mama yake amesimama ukumbini amejitupia shuka begani, hana tena hata maneno ya kugomba. Ilishapita saa sita ya usiku.

Sasa lile jambo baya nimelijua. Ni mimi. Mtoto huyu anakesha ili nisife.

Na kisu alichojikatia nimemnolea mwenyewe. Miaka thelathini na minane nilikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji: nasoma prufu za kitabu kabla hakijachapwa, nasaka makosa. Likizo iliyopita Karani alikuwa ananisomea gazeti, nikaanza kumfundisha mambo ya kazi yangu. Alama zetu, kwa mfano. Mstari juu ya neno: lifutwe. Nukta chini ya neno lililofutwa: lisamehewe, libaki. Alizipenda sana nukta. Kisha, kwa majivuno ya mzee anayesikilizwa, nikamwambia: "-Ki- ina mlango wa nyuma. Ukisema nikifika, huenda ukafika, huenda usifike. Ukisema nitakapofika, umefunga mlango na komeo." Ndivyo nilivyokuwa nikisahihisha kurasa za watu, kalamu nyekundu mkononi.

Mimi nilitoa somo la sarufi. Yeye akalifanya kufuli.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu ni mpima ardhi, mtu wa kamba na namba. Leo nikifagia — ndiyo, bado nafagia, taratibu — nimeona mstari mdogo wa penseli sakafuni mlangoni kwa Karani. Nikamuuliza. Akaona haya. Kumbe mtoto anataka mlango ubaki wazi kwa kiasi kile kile kila usiku, basi mama yake amepima, akaweka alama. Sentimita kumi na nne.

Nilicheka. Akakasirika, kisha akacheka na yeye, kisha akaketi kwenye kitanda changu akalia.

"Napima viwanja vya watu wenye mapanga mkononi, Baba, na wanapatana," akasema. "Humu ndani nimeshindwa na mlango."

Tukahesabu kazi zetu. Mama ni mkaguzi wa mlango. Mimi ni msema maneno. Baba yake mtoto, ambaye yuko kazini mbali na hurudi mwisho wa mwezi, lazima apige simu saa mbili kamili, isizidi hata dakika. Nyumba nzima tumeajiriwa, na mwajiri hatumjui!

Tumekubaliana kwenda kliniki. Nimeomba na mimi niende. Binti yangu anadhani ni kwa upendo. Ni kwa upendo. Lakini pia nataka kumwona huyo mwajiri.

Jumanne, 11 Machi

Ngazi kumi na nane. Nimepumzika mara tatu.

Mtaalamu wa watoto ni mwanamke kijana aliyevaa soksi moja ya njano na moja ya bluu. Nilidhani kazivaa gizani. Karani hakuweza kuziondolea macho.

"Umekosea soksi," akamwambia.

"Sijakosea. Zinakusumbua?"

"Sana."

"Vizuri. Tukae nazo."

Wakakaa nazo! Robo saa nzima, mtaalamu akizungumza nasi huku amenyoosha miguu mbele ya mtoto. Alituambia kwamba haya maradhi yanakwenda hivi: wazo linaingia bila hodi, hofu inapanda, mtoto anafanya jambo fulani ili hofu ishuke. Inashuka kidogo. Kesho inadai zaidi. Na wakati wa kulala ndio uwanja wake, kwa sababu hakuna shule, hakuna mchezo, hakuna wa kuongea naye. Halafu usingizi ukikosekana, breki za akili zinalegea, na kesho yake wazo lile lile linateremka kwa kasi zaidi.

Niliuliza maswali hadi binti yangu akanigusa kwa kiwiko. Je, kipi kitangulie? Alale kwanza ili mawazo yapungue, au mawazo yapungue ndipo alale? Mtaalamu akasema tunashika ncha zote mbili kwa pamoja. Akasema watoto wengi wenye hali hii hawalali vizuri, ila watu huwauliza juu ya kunawa mikono tena na tena, hawawaulizi habari za usingizi. Hilo nimeliandika kiganjani pale pale. Kalamu haikosekani mfukoni mwangu.

Akamwambia Karani ampe jina huyo anayemwamrisha, ili wamfahamu. Karani akafikiri.

"Msahihishaji," akasema.

Binti yangu akanitazama. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Mwisho mtaalamu akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuwa hivi. "Hakuna," akajibu binti yangu, na kwa anavyojua yeye ni kweli. Mimi nilikuwa natazama soksi.

Jumatano, 12 Machi

Yupo.

Naandika haraka kabla sijajionea haya. Nina miaka themanini na mmoja, na jambo hili halijatoka kinywani mwangu.

Nilipokuwa na miaka kumi tulikuwa watu saba nyumbani. Kila usiku, kabla ya kulala, ilinipasa niwataje wote moyoni, toka mkubwa hadi mdogo: bibi, baba, mama, kaka, dada, mimi, na wa mwisho mdogo wetu wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Kwa pumzi moja. Nikikosea, naanza upya. Hakuna aliyenifundisha. Nilijua tu kwamba nikiacha mtu, mtu huyo haamki.

Mdogo wetu akapata homa. Usiku wa tatu nilikuwa nimechoka, mchana kutwa nimetumwa maji na kuni. Nikaanza kutaja. Nakumbuka nilifika kwa dada. Kisha ikawa asubuhi, na wanawake walikuwa wanalia uani.

Sikudhani kwamba nimemuua. Nilijua, kama mtu anavyojua jina lake.

Mama alikufa miaka mingi baadaye akiwa bado anajiuliza kwa nini nilikuwa mtoto mkimya. Marehemu mke wangu alilala nami miaka arobaini, akaiona midomo yangu ikicheza gizani, akaamini nasali. Akawa anajisifu kwa wenzake kwamba kaolewa na mcha Mungu! Nikamwacha aamini. Na kazini — kazini nilikuwa hodari. Ukurasa wa mwisho nausoma mara tatu, kisha narudi kwenye wa kwanza kwa sababu ya ule wa mwisho. Wenzangu waliniita Jicho. Nilipewa cheti cha ukutani na saa hii ya mkononi. Ugonjwa wangu ulipewa mshahara, ukapewa na pensheni.

Msahihishaji. Mtoto hakukosea jina.

Jumamosi, 15 Machi

Mtaalamu ametuchorea ngazi kwenye karatasi. Tunapanda toka jepesi hadi zito. Swichi mara moja tu. Mlango nje ya mstari wa penseli. Kigae cha nne kukanyagwa. Babu akohoe katikati ya maneno. Babu aseme -ki-. Na juu kabisa: hakuna maneno wala kuja mlangoni. Sisi wakubwa kazi yetu ni moja, nayo ni ngumu: akituomba tumhakikishie kwamba hakuna baya, tusimhakikishie.

Kuna pia utaratibu wa usingizi wenyewe. Kwa sasa anapanda kitandani saa tatu na nusu, si mbili na nusu, hadi ajifunze kulala upesi. Kisha tutarudisha saa nyuma kidogo kidogo. Kitanda ni cha kulala. Hofu zina kikao chake, saa kumi na moja jioni, kwenye meza ya jikoni, robo saa. Karani ni mwenyekiti na mwandishi wa kumbukumbu. Jana kikao kilikuwa na ajenda saba.

Juzi alizima swichi mara moja. Alitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Mama yake alikaa naye, hakusema "usijali", alisema tu, "Naona ni ngumu." Hofu ikapanda, ikasimama, ikashuka yenyewe. Mtaalamu alituambia itashuka. Sikumwamini. Nimechungulia, nimeiona kwa macho yangu ikishuka usoni mwa mtoto, toka paji la uso hadi kidevu. Kitu cha ajabu! Miaka yote hiyo sikuwahi kungoja kuona ingefika wapi.

Jana nimeharibu. Aligonga ukuta mara tatu. Natakiwa ninyamaze. Akagonga tena, polepole, na nikasikia anavuta kamasi. Nikaweka mdomo ukutani: "Nitakapoamka." Basi. Neno moja.

Leo asubuhi hakunitazama.

"Umemlisha, Babu," akasema.

"Nani?"

"Unamjua."

Jumatatu, 17 Machi

Dakika sitini na tano. Kigae cha nne kimekanyagwa kwa mguu wa kulia, kisha kwa makusudi kwa wa kushoto. Nyumba iko pale pale. Karani ameikagua asubuhi. Ukaguzi mmoja tu, anasema, wa kisayansi.

Alhamisi, 20 Machi

Daktari wa moyo amepunguza maneno. Zamani alinieleza kwa dakika ishirini, leo, tatu. Nikamuuliza, miezi? Akaangalia kompyuta. Wiki? Akasema, mzee wangu, mambo yako yaweke sawa.

Siogopi sana. Hata hilo nalo nina hamu ya kuliona lilivyo. Ninachoogopa ni tarehe.

Tuseme Karani anaendelea kupanda ngazi. Tuseme usiku mmoja namwambia "nikiamka", naye kwa ushujaa wake wote anakubali, anakwenda kulala kama watoto wengine. Na mimi siamki. Atakuwa mimi. Atabeba usiku huo miaka sabini, ataoa au kuolewa nao, atafanya nao kazi, na watu watamsifu kwa umakini.

Nimefikiria nimwombe binti yangu ngazi ya -ki- isubiri hadi nizikwe. Lakini haitasaidia. Nikifa usiku wa "nitakapoamka", atasema nilikohoa. Nisipokohoa, atasema mlango ulizidi sentimita. Hakuna usiku usio na kosa kwa anayelitafuta. Hilo nalijua kwa ufundi.

Nimempigia mtaalamu. Akasema hana jibu la tayari. Kisha akasema, mtoto anajua kwamba unaumwa. Mnamficha, basi Msahihishaji ndiye anayemweleza. Mweleze wewe. Nikamshukuru. Nilipotaka kukata akasema, "Na kama kuna kingine, Mzee, mwambie na hicho."

Aliniona natazama soksi.

Jumapili, 23 Machi

Mchana, uani, jua kali. Karani alikuwa anaanika nguo na mimi nimeketi kwenye kiti nampa vibanio. Soksi anazianika mbili mbili, pacha kwa pacha. Nikamwambia.

Kwanza moyo. Nikamwambia umezeeka, unaishiwa nguvu, dawa zinausukuma tu, na siku moja, pengine karibuni, utasimama. Si kwa sababu ya neno. Wala kigae. Akaendelea kuanika. "Najua," akasema. "Miguu yako imevimba, na Mama anaongea na simu bafuni."

Kisha nikamwambia habari za mdogo wangu. Mtu wa kwanza duniani kuzisikia. Niliposema "nikafika kwa dada", nilishika kibanio kwa nguvu hadi kikaruka.

Alikiokota. Akasimama mbele yangu kama hakimu.

"Alikuwa anaumwa kabla hujalala?"

"Siku tatu."

"Daktari alikuja?"

"Hapakuwa na daktari karibu."

"Basi alikufa kwa homa."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilikuwa na miaka kumi."

"Mimi nina tisa," akasema.

Nilicheka hadi pumzi ikanipotea, akanipiga mgongoni. Miaka sabini na mmoja, na prufu yangu imesomwa kwa dakika moja na mtoto mwenye soksi begani! Nilidhani basi, tumemaliza, kalifungua kufuli mwenyewe. Lakini alirudi kwenye kamba, akanipa mgongo.

"Yangu ni tofauti, Babu."

"Tofauti vipi?"

"Yako ilishatokea."

Nikamnyooshea kibanio kingine.

Nikampa nilichokuwa nacho. Nikamwambia kwamba lile somo la -ki- nilikosea. "Jua likizama tunaingia ndani," nikamwambia. "Tunasema likizama. Nani ana shaka na jua?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Na mvua ikinyesha tutaanua nguo. Ipo mvua?"

Akatazama juu. Wingu hakuna hata moja. "Haijulikani."

"Neno ni lile lile."

"Kwa hiyo ki yenyewe haijui?"

"Haijui. Inangoja tu, pamoja na sisi."

Hilo lilimvutia. Alilirudia kimya kimya, midomo ikicheza, nikaogopa; kisha nikaona halihesabu, analionja tu.

"Basi uliniharibia prufu," akasema.

"Nilikuharibia."

Akanyoosha kidole, akagonga hewani chini ya kidevu changu: nukta, nukta, nukta. Akarudi kwenye nguo zake.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia binti yangu pia. Kuhusu mdogo wangu, kuhusu midomo gizani. Alichukua kifutio, akaenda mlangoni kwa mwanawe, akapiga magoti, akafuta mstari wa penseli.

Dakika thelathini na nane.

Jumatano, 26 Machi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwandiko mbaya.

Jana tulipanda ngazi ya -ki-. Ni yeye aliyetaka. Kwenye kikao cha saa kumi na moja iliandikwa ajenda ya kwanza, ikapigiwa mstari. Mama yake alinitazama juu ya meza; nikakubali kwa kichwa. Kifua kilikuwa kizito tangu mchana. Ningekataa, ningemwambia nini?

Alikuja mlangoni.

"Lala salama, Babu."

"Na wewe ulale salama."

"Kesho utafanya nini?"

"Nikiamka —" nikakohoa, si kwa makusudi, "nitakunywa chai na wewe."

Alisimama. Vidole amevikunja ndani ya mikono ya nguo yake ya kulalia. Nilitamani kumsaidia kwa kila kitu nilicho nacho. Sikumsaidia.

"Na mimi nikiamka," akasema. Akaenda.

Dakika kumi na tisa! Hakurudi. Hakugonga ukuta. Nikasikia pumzi zake ndefu, za mtu aliyelala kweli, nikajiambia: mzee, usiku huu usife. Tafadhali. Usiku wowote ila huu.

Tangu saa tisa sipati hewa. Nimejitahidi kukohoa ndani ya mto. Binti yangu ameingia, ameona kucha zangu zimegeuka bluu, ametoka kumwita jirani. Jirani yetu fundi wa friji ameleta gari mlangoni, injini inaunguruma. Binti yangu anajaza dawa kwenye mfuko. Anasema twende, Baba. Nimemwambia ngoja. Anasema unaandika nini saa hizi! Ngoja.

Karani amelala kwa saa saba na dakika arobaini na moja bila kukatika. Tangu Desemba haijatokea. Tukimwamsha, tunaukata usingizi wa kwanza aliojipatia mwenyewe. Tusipomwamsha, atakuta mito mitatu na hakuna babu, asubuhi ya -ki-. Binti yangu anasema, "Nitamweleza mimi." Najua atakachojibiwa: alisema ki.

Nimechana ukurasa wa nyuma, nimemwandikia. "Nitakaporudi tutakunywa chai." Nikausoma. Nikausoma mara ya pili. Sikuusoma mara ya tatu. Nimelipiga mstari neno la kwanza, juu yake nimeandika "Nikirudi". Sasa mkono unataka kuweka nukta chini ya lile lililofutwa. Unataka sana. Sijaweka.

Kitanda chake kimelia.

Miguu sakafuni. Injini imemwamsha. Binti yangu amesimama na mfuko mkononi, hapumui. Mimi ndiyo kabisa.

Swichi — mara moja.

Mlango.

Moja. Mbili. Tatu.

Nne. Amesimama.

Bado amesimama. Binti yangu anataka kutoka kumfuata, nimemshika nguo.

Tano.